Sauti ya Bi Kalunde

Vijana wangu, kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenibakizia macho ya kuandikia na akili ya kukumbukia, ingawa mtaona huko mbele kwamba hiyo ya pili ndiyo iliyoniangusha.

Mmeniandikia mkitaka niwaeleze nilivyofanya kazi. Mmoja wenu anasoma akili mnemba, mwingine afya ya kidijitali, wa tatu utunzaji wa urithi wa utamaduni, na mmesikia kwamba mimi nilifundisha yote matatu kwa pamoja. Ni kweli. Katika chuo ambacho sitakitaja, aliyetaka kukusanya sauti za watu au habari za wagonjwa ilibidi apitishe karatasi zake mezani kwangu, na nilikuwa mkali. Niliwarudishia wengine karatasi mara tatu. Wenzangu waliniita Kadhi. Nilijifanya sipendi.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Chemchem, Tabora. Mlitaka mafanikio. Mafanikio yameandikwa kwenye ripoti na mtayapata huko. Hapa nitawaeleza habari ya amana moja niliyopewa, sauti ya mwanamke wa Sikonge, na jinsi nilivyoipoteza mimi mwenyewe Kadhi.

Lakini nianze na Maalim wangu, maana bila yeye hamtaelewa ukubwa wa kosa.

Maalim alitusomesha Kurani hapa mjini, kwenye baraza ya nyumba ya udongo ambayo haipo tena. Hakukubali neno lisilo na mwenyewe. Ukisema jambo, anauliza, "Umesikia kwa nani? Naye alisikia kwa nani?" Siku moja nilimwambia nimesikia sokoni. Akanituma sokoni nikamlete aliyesema. Nikarudi na muuza ndizi. Maalim akamkaribisha, akampa maji, akamuuliza kwa upole naye alisikia kwa nani. Yule mzee wa watu alikaa pale mpaka adhuhuri, anajuta kufungua mdomo.

Siku nyingine nilimjibu kwamba nimesoma kitabuni. Akakichukua kitabu, akakifunga, akakikalia. "Haya," akasema, "sasa niambie." Sikuwa na la kumwambia. Akasema, "Basi hujasoma. Umekibeba tu, kama punda."

Mimi nilichukua lile somo la kwanza na kulifanyia kazi maisha yangu yote. Nilifundisha kwamba kila sauti inayoingizwa kwenye mashine iwe na mnyororo wake: imetoka kwa nani, aliitoa kwa ridhaa gani, imepita mikononi mwa nani. Wanafunzi waliandika, wageni walipiga makofi. Somo la pili, la kitabu kilichokaliwa, nililisahau.

Sasa kazi yenyewe. Tulitengeneza huduma ya simu kwa ajili ya wajawazito wa vijiji vya Sikonge. Simu za kawaida tu, zile za vitufe. Mashine inampigia mama kila wiki, inamsalimu, inamuuliza hali, inamkumbusha siku ya kliniki, na akijibu inamwelewa, iwe kwa Kiswahili au kwa Kinyamwezi. Mara ya kwanza tulitumia sauti ya binti mmoja wa Dar es Salaam. Sauti nzuri, lakini yenye haraka, na kila mara ilisema "poa". Akina mama walikata simu. Mmoja alimwambia nesi, "Kuna msichana ananipigia anataka kunikopesha kitu."

Kosa jingine la siku zile: mashine ilipiga saa ambayo wake wako mashambani na simu zimebaki kwa waume. Mzee mmoja aliyekuwa anachoma tumbaku kwenye bani lake, kile kibanda cha kukaushia, alipokea. Mashine ikamuuliza, "Mpendwa mama, je, miguu yako imevimba?" Akajibu, "Imevimba kweli, mwanangu, tangu asubuhi nimesimama." Mashine ikamwandikisha. Ikampigia miezi. Tulipokwenda kumwomba radhi akasema, "Msiikate. Hakuna mwingine anayeuliza habari za miguu yangu."

Tulicheka sana siku hiyo. Na mimi nikajifunza kwamba watu wa kule hawasikilizi maneno kwanza. Wanasikiliza ni nani anayeyasema. Ndipo nesi wa zahanati akaniambia, "Mwalimu, kama unataka sauti, nenda kwa Bi Kalunde. Nusu ya watu hapa amewapokea yeye walipotoka tumboni."

Bi Kalunde alikuwa mkunga wa jadi aliyestaafu. Mrefu, mkavu, anatembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Babu yake alikuwa mpagazi, alipita njia ya misafara kutoka hapa mpaka pwani mara kadhaa, na nyimbo za wapagazi zilikuwa kichwani mwa mjukuu. Alikuwa na binti mmoja, Nyamizi, aliyebeba madumu ya asali kwa baiskeli kupeleka barabarani.

Nilikaa naye siku kumi na moja. Asubuhi alinisomea sentensi za afya nilizomwandikia, na zile asizozipenda alizibadilisha. Mchana, kwa kuwa nilikuwa pia mtu wa urithi, nilimwomba nyimbo na visa, na alivitoa kwa Kinyamwezi cha ndani ambacho mimi, mtoto wa mjini, nilikifuata kwa kuchechemea. Haikunisumbua. Kinasa sauti kilikuwa kinafanya kazi. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari wa kijani unaopanda na kushuka, nahakikisha haugusi nyekundu.

"Mwalimu," aliniuliza, "hilo dubwana lako linakula maneno tangu juzi. Halishibi?"

"Bado, mayo," nikamjibu, maana ndivyo Wanyamwezi wanavyomwita mama.

"Basi lina minyoo."

Siku ya kusaini nilimsomea fomu ya ridhaa. Niliiandika mimi mwenyewe, ilikuwa fomu nzuri kuliko zote nchini, ndivyo nilivyoamini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yote hayo ni ya karatasi. Niambie wewe. Nikisema ndiyo leo, na kesho nikisema hapana?"

"Utarudishiwa chako chote."

"Na nikiwa sipo?"

"Atarudishiwa Nyamizi."

"Umesema mbele ya Mungu?"

"Nimesema mbele ya Mungu."

Akachovya dole gumba kwenye wino.

Sauti yake ilipoingizwa kwenye mashine, mambo yalibadilika. Mashine ilijifunza kusema kwa sauti ile hata maneno ambayo Bi Kalunde hakuwahi kuyasema. Akina mama walipokea simu wakiwa wamekaa vizuri, wengine waliitikia "Marahaba" na "Shikamoo" wakachanganya. Nesi alituambia benchi la kliniki limejaa mpaka wengine wanakaa nje. Tukaitwa kwenye mikutano. Nikazungumza kuhusu mnyororo.

Bi Kalunde alifariki kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaanza. Aliugua siku nne tu. Nilikwenda kwenye mazishi, na nikaenda tena kwenye hitima ya arobaini.

Kule kwao wana utaratibu. Dua ikiisha, kabla ya chakula, mkubwa wa ukoo anatandika mkeka uani, anasimama na kusema, "Aliye na kitu cha marehemu akilete hapa mbele, wenyewe wakione." Watu wanaleta. Aliyekileta anaweza akarudishiwa akaondoka nacho, lakini lazima kionekane kwanza. Jirani alileta kinu. Mwanamke mmoja alileta khanga, moja ya jozi, akasema nyingine iliungua. Mzee mmoja alileta kuku aliyefungwa miguu, akasema, "Yule niliyemwazima kwa mbegu alishakufa. Huyu ni mjukuu wake." Watu wakacheka msibani, na Nyamizi naye akacheka, akifuta macho.

"Yupo mwingine?" mkubwa wa ukoo akauliza.

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Kati ya miguu yangu palikuwa na begi, na ndani ya begi palikuwa na diski yenye saa nyingi za sauti ya yule mwanamke. Nyimbo, visa, kicheko, kikohozi chake. Nilikuwa naipeleka mjini kwa kazi. Nilijua ni kitu cha marehemu. Msije mkafikiri sikujua. Lakini wiki zilizofuata tulikuwa tunapeleka huduma wilaya nyingine, na nilihofia kwamba nikiiweka mkekani, mtu atasema, "Basi, imetosha, marehemu apumzike." Nikajiambia nitazungumza na Nyamizi faragha, wakati mwafaka.

"Yupo mwingine?" akauliza mara ya pili.

Nikatazama viatu vyangu. Mkeka ukakunjwa. Nikala pilau ya watu.

Ule wakati mwafaka sikuutafuta. Ulinitafuta wenyewe. Nyamizi alishika mimba. Nesi mpya, asiyejua lolote, akamwandikisha kama mama mwingine yeyote. Siku moja mchana alikuwa uani na wanawake wenzake wanachambua tumbaku, simu ikaita, akaibonyeza wasikie wote maana mikono ilikuwa michafu.

Alinisimulia mwenyewe. Alikuja mpaka hapa Chemchem kwa basi, tumbo limeanza kuonekana, vumbi la njia nzima kwenye ushungi. Mke wangu alimpa maji, akayashika bila kunywa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama alinipigia."

Nikaketi karibu naye.

"Alinisalimia vizuri. Halafu akasema, tafadhali taja jina lako." Akaweka bilauri chini. "Mwalimu, mama yangu ananiuliza mimi ni nani. Mbele za watu. Na mimi nikamjibu. Nikamwambia, ni mimi mayo, Nyamizi. Akasema, asante, mama kijacho, je, hii ni mimba yako ya kwanza?"

Mke wangu akainuka, akatoka nje.

"Mtoe kwenye simu," Nyamizi akasema. "Naomba. Asiwe anawapigia watu hivi, kama hana kwao."

Nikamwahidi. Na vijana wangu, hapa ndipo ningependa mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Nilikuwa na sababu nzuri za kuchelewa, na sababu nzuri ndizo hatari. Niliita kamati. Kamati ikasema tuangalie madhara. Sauti ikiondoka, akina mama wataacha kupokea, na wakiacha kupokea wataacha kliniki. Hilo halikuwa uongo. Nilimzuilia Nyamizi peke yake asipigiwe, nikaona nimemaliza nusu ya kazi. Lakini kijijini simu za wenzake ziliendelea kuita, na ukuta wa nyumba ya jirani si mnene. Alimsikia mama yake kila wiki akizungumza na watoto wa watu.

Miezi ikapita. Kila nilipoinua mikono baada ya sala, neno amana lilinijia kabla ya dua. Hatimaye asubuhi moja niliingia ofisini nikiwa na hasira na nafsi yangu, nikamwita Rehema, mhandisi wetu. Mwanamke makini, mwenye maneno machache.

"Futa yote ya Bi Kalunde," nikamwambia.

"Sauti ya huduma?"

"Yote. Ya huduma, rekodi zenyewe, na nakala zilizopo hapa na kule kwenye hifadhi."

Rehema akavua miwani. "Mwalimu, na zile nyimbo? Hatumuulizi kwanza binti?"

"Ameshasema. Na fomu inasema zitafutwa."

"Tuache nakala moja tu. Nikuwekee kwenye bahasha umpelekee."

"Rehema, nakala moja ndiyo mlango wa nakala mia. Nimefundisha hivyo miaka yote. Futa."

Alifuta. Ilichukua siku mbili kwa sababu tulikuwa waangalifu mno, tulifuata kila nakala mpaka ilipojificha. Siku ya tatu nililala usingizi mzuri. Nilidhani nimerudisha.

Hamuoni? Fomu niliyoiandika mimi ilisema "zitafutwa". Lakini mbele ya yule mama, kwa mdomo wangu, nilisema "atarudishiwa". Na nilichoapia mbele ya Mungu ni kile cha mdomo. Aliyepewa kinu akitunze harudishi kwa kukichoma moto halafu aonyeshe majivu. Nilikuwa mwenye haraka ya kujitakasa, na nilijitakasa kwa mali ya mtu mwingine.

Tulirudisha sauti ya yule binti wa Dar, tukaifundisha mashine ipunguze "poa". Baada ya muda nesi alipiga simu, akasema benchi lina nafasi sasa. Hakusema zaidi. Sijui ni mama gani hakwenda, wala yaliyompata. Hilo nalo nitaulizwa.

Nyamizi alijifungua mtoto wa kike. Akamwita Kalunde. Mtoto alipoanza kukaa, mama yake akaja naye Tabora, safari hii amebeba chupa ya asali, ananishukuru. Ananishukuru! Alisema tangu simu zile ziache kuita, amepata utulivu, sasa anaweza kumkumbuka mama yake bila kushtuka.

"Sasa nimekuja kuomba kitu kidogo," akasema. "Mama alikuwa na wimbo wa kubembeleza. Alitungiwa na babu yake, yule mpagazi, na ndani yake anataja vituo vyote vya njia, kimoja kimoja, mpaka mtoto analala kabla ya kufika pwani. Mimi nilikuwa nalala mapema, najua vituo vinne tu. Alikuimbia wewe, aliniambia. Na siku ya mwisho alikusimulia nilivyozaliwa. Mimi hakuwahi kunisimulia, alikuwa anasema nitakuja kusikia. Nisikilizishe tu mara moja, Mwalimu. Nitaushika."

Mtoto alikuwa anavuta kofia yangu. Nilimwambia Nyamizi ukweli, neno kwa neno kama nilivyowaandikia ninyi, kuanzia mkeka mpaka Rehema. Nilidhani atalia au atanitukana. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sawa. Mashine imefutwa. Lakini wewe ulikuwepo. Ulikaa naye siku kumi na moja. Haya, niambie. Alisema nini?"

Na mimi nikamwona Maalim amekikalia kitabu.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Nilifumba macho nikautafuta wimbo, nikapata mdundo, vishindo vya kitu kinachotembea, lakini maneno hayakuwepo. Nikatafuta kisa cha kuzaliwa kwake, nikakumbuka tu kwamba ulikuwepo mto ndani yake, au mvua. Nilichokumbuka vizuri kuliko vyote ni ule mstari wa kijani, ukipanda na kushuka. Bi Kalunde alisema, na mimi nilitazama mstari. Katika mnyororo wa wimbo ule, kutoka kwa mpagazi mpaka kwa mtoto huyu anayevuta kofia, pete moja ilikuwa mimi, na pete ile ilikuwa tupu.

"Huna hata kimoja?" Nyamizi akauliza.

Nikamwambia ninacho kimoja. Kila siku jioni, mahali popote tulipofika, hata katikati ya wimbo, Bi Kalunde alikuwa akiinua kidole. Mimi nilikuwa sisikii chochote. Kisha baada ya muda ndiyo nasikia, mbali, mnyororo wa baiskeli unaokwaruza. Naye anasema, "Zima hilo, Mwalimu. Mwanangu huyo anakuja, na hajala." Nilikuwa nikikereka. Niliandika daftarini kwamba mhojiwa anakatiza kazi. Ndiyo maana neno hilo halikuwemo kwenye rekodi hata kabla hatujafuta. Lilisemwa kila mara kinasa kikiwa kinazimwa.

Nyamizi akainamisha kichwa juu ya mtoto. Baadaye akasema, "Mnyororo ule ulikuwa unakwaruza kweli. Sikuwahi kuutia mafuta."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akarudia yeye, kwa Kinyamwezi, akiniuliza kama ndivyo alivyosema, na mimi nikamsahihisha neno moja, neno moja tu nililokuwa na hakika nalo. Mpaka leo naenda Sikonge kila ninapopata nguvu, nakaa uani kwao, nautafuta wimbo. Tumepata kituo cha tano kwa mzee yule wa kuku, naye hana hakika. Nyamizi ananipa chai. Sijamwomba anisamehe, kwa sababu najua atasema ndiyo kwa heshima, na ndiyo za namna hiyo nimekwisha kuchukua nyingi.

Siku ile ya chupa ya asali, alipoondoka nilimsindikiza mpaka stendi. Kabla hajapanda basi alitandika khanga kwenye benchi ili ambadilishie mtoto nepi, na nilipokiona kile kitambaa kimelala wazi mbele yangu kama mkeka ule, nilisema kwa sauti, watu wakageuka: "Mimi nina kitu cha marehemu."

Akanitazama. "Umeshakitoa, Mwalimu," akasema. "Ndicho hicho tu?"

"Ndicho hicho tu."

Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda.